Meno na Matamshi: Kwa Nini Jino la Mtoto Lisiguswe Kabla ya Wakati Wake

Mada ya elimu ya afya ya kinywa kwa wakazi wa kata



Mtu akiulizwa kazi ya meno hujibu kwamba ni kutafuna. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijatimia. Kinywa kilekile kinachotafuna mlenda na ugali wa uwele ndicho kinachotengeneza salamu, hesabu, dua na shauri la baraza, na kazi hiyo nayo huyategemea meno kwa namna ambayo wengi hawaitambui mpaka siku jino linapotoka.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Walikusudia kuuonya ulimi usemao lolote, lakini usemi huo una ukweli mwingine wa kimaumbile. Kwa kuwa ulimi ni nyama tupu, hauwezi kutengeneza sauti nyingi pasipo kupata mahali pagumu pa kuegemea. Pumzi hutoka mapafuni, hupita kooni penye nyuzi za sauti, kisha hufika kinywani ikiwa bado haina umbo. Irabu a, e, i, o na u hupata umbo lake kwa kupanuka na kusinyaa kwa kinywa, na kibogoyo huzitamka zote bila taabu. Konsonanti ndizo zinazotaka pumzi izuiwe au ibanwe. Midomo hutosha kuizuia katika p, b na m. Kaakaa laini huizuia katika k na g. Kati ya midomo na kaakaa ndipo yalipo meno, na hapo ndipo penye shughuli nyingi.

Mama anayelea mtoto mchanga hulishuhudia jambo hili nyumbani kwake. Katika lugha nyingi za dunia maneno ya mwanzo ya mtoto hufanana na mama, baba, bibi na babu. Sauti za maneno hayo hutengenezwa kwa midomo, na mtoto aliye na fizi tupu huzimudu. Akina baba wanaojivunia kutajwa mapema wana haki ya kufurahi, ingawa sababu mojawapo ni kwamba jina lao halihitaji jino. Maneno kama fimbo, samaki na thelathini huja baadaye sana, mtoto anapokuwa amekwisha kuota meno ya mbele na ulimi wake umejifunza kuyatumia.

Sauti za f na v zinaweza kuchunguzwa na yeyote mwenye kioo. Mtu akitamka fua au vuna ataona mdomo wa chini ukipanda na kugusa ncha za meno ya mbele ya juu, na pumzi ikipenya kwa shida katikati yake. Meno ya juu yakikosekana, mdomo hukutana na ufizi au na mdomo mwenzake, na sauti inayotoka huwa nyepesi, karibu na ya mtu anayepuliza moto wa kuni. Kwa hiyo mzee aliyepoteza meno ya juu husikika akisema fedha kwa namna ambayo mjukuu wake hucheka, ilhali hakuna la kucheka.

Sauti hizo mbili zimewafanya wataalamu wajiulize swali kubwa zaidi. Mwaka 1985 mtaalamu wa isimu wa Marekani, Charles Hockett, alitoa wazo kwamba f na v huenda zikawa zimeenea duniani baada ya watu kuanza kilimo. Mwaka 2019 Damián Blasi, Steven Moran na wenzao walichapisha katika jarida la Science utafiti uliolitetea wazo hilo. Hoja yao ni kwamba kwa watu wa kale waliotafuna vyakula vigumu, meno ya juu na ya chini yalisagika hadi yakakutana ncha kwa ncha utu uzimani. Watu walipoanza kula uji, ugali na vyakula vingine laini, meno ya juu yakaendelea kuyatangulia kidogo ya chini maisha yote, na mdomo wa chini ukawa karibu nayo. Wapo waliolikubali wazo hilo na wapo waliolihoji. Hata hivyo linafaa kukumbukwa na yeyote aliyewahi kumwona bibi akisaga mtama au uwele kwa jiwe: huenda jiwe hilo limechangia pia sauti za lugha.

Sauti za th na dh, katika thamani na dhahabu, hudai zaidi. Ncha ya ulimi hukaa baina ya meno ya juu na ya chini, au hugusa ncha za meno ya juu, na pumzi hupenya juu yake. Sauti hizi ziliingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu, na lugha nyingi za Kibantu za bara hazinazo. Ndiyo sababu husikika selasini kwa thelathini na zambi kwa dhambi. Huo si ubovu wa meno, bali ni mazoea ya lugha ya nyumbani, na mwalimu hana budi kutofautisha mambo hayo mawili kabla ya kumsahihisha mwanafunzi. Katika madrasa za Kondoa, watoto wanaofundishwa kusoma Kurani hufundishwa makhraji, yaani mahali zinapotokea herufi. Hufundishwa kwamba tha, dhal na dhaa hutoka kwenye ncha ya ulimi ikikutana na ncha za meno mawili ya mbele ya juu, na kwamba fa hutoka pale meno hayo yanapokutana na upande wa ndani wa mdomo wa chini. Elimu hiyo ilikuwapo karne nyingi kabla ya maabara za fonetiki, nayo inaafikiana nazo.

Ngumu kuliko zote ni s na z. Hapa ulimi haugusi meno kabisa, au huyagusa kwa pembeni tu. Hujikunja katikati kama mfereji mwembamba karibu na ufizi wa juu, pumzi hupita humo kwa kasi, kisha hugonga ncha za meno ya mbele. Mlio mkali wa s ni mlio wa pumzi iliyogonga meno. Mfereji ukihama kidogo tu, au meno yakiacha mwanya mpana, saba na sukari hutoka na mluzi. Ulimi ukijitokeza mbele mno na kuingia kati ya meno, s hugeuka kuwa kama th, na hicho ndicho kiitwacho kithembe. Inasikitisha kidogo kwamba waliolipa tatizo hilo jina walichagua neno lenye sauti ileile inayotajwa kuwa kosa.

Mkoa wa Dodoma una bahati ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa ndani yake zinazungumzwa lugha za asili zinazotofautiana kabisa. Kigogo na Kirangi ni za Kibantu, Kiburunge ni ya Kikushi, nacho Kisandawe, kinachozungumzwa hasa katika Wilaya ya Chemba, kina vidoko. Kidoko ni sauti inayotengenezwa kwa kufyonza, si kwa kupuliza. Sehemu ya nyuma ya ulimi huziba kwenye kaakaa laini, sehemu ya mbele huziba mahali pengine, hewa iliyonaswa katikati hupunguzwa kwa kuushusha ulimi, kisha kizuizi cha mbele huachiliwa ghafla na mlio husikika. Kisandawe kina vidoko vya aina tatu kwa kufuata mahali ulimi unapoachia. Kimojawapo huachiliwa nyuma ya meno ya mbele ya juu. Kila Mswahili anakifahamu kwa sikio, maana kinakaribiana na mlio wa mtu anayetikisa kichwa kwa masikitiko. Tofauti ni kwamba kwa Msandawe huo si mguno, ni konsonanti kamili iliyo ndani ya maneno, kama vile t au k.

Nchini Tanzania vidoko vya namna hii vimo pia katika Kihadzabe, lugha ya watu wa Ziwa Eyasi. Nchini Kenya kipo Kidahalo, lugha ndogo ya pwani karibu na Lamu, ambayo vidoko vyake ni vya meno. Huko Mombasa nako wenyeji wa Kimvita hutofautisha t mbili, moja ulimi ukigusa meno na nyingine ukigusa ufizi, tofauti ambayo Kiswahili sanifu hakiiandiki. Kigogo kwa upande wake kina sauti za puani zenye pumzi, kama ile iliyo katika munhu, yaani mtu, ambamo ulimi huziba nyuma ya meno na pumzi ikatokea puani.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa meno yana kazi zote hizo, mbona Wagogo wa zamani waliyang'oa na wakaendelea kuzungumza? Swali hilo ni la haki. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1858, aliandika kwamba alama ya kuwatambulisha watu wa nchi hiyo ilikuwa kukosa meno mawili ya mbele ya chini. Desturi kama hiyo ilikuwapo pia kwa Wamasai na jamii nyingine za Afrika Mashariki, na sababu iliyotajwa mara nyingi ni kwamba pengo hilo lingewezesha kumlisha mgonjwa wa pepopunda ambaye taya zake zimekaza. Jibu la swali liko katika mahali pa pengo. Meno yaliyong'olewa yalikuwa ya chini, wakati f, v, th na dh hutegemea zaidi ya juu. Tena ulimi wa mwanadamu ni mwerevu: unapokuta pengo hujifunza njia ya kuzunguka, hasa pengo likitokea utotoni.

Uerevu huo wa ulimi unapaswa kuwatuliza wazazi wa wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili. Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni. Kuanzia umri wa miaka 6 hivi meno ya mbele huanza kulegea na kutoka, na meno mapya ya mbele ya juu hujitokeza kwa kawaida kati ya miaka 7 na 8. Ndio umri huohuo anaofundishwa kusoma silabi za sa, se, si, so, su. Mwalimu anayesikia mluzi katika kusoma kwa mtoto mwenye pengo angefanya vema kungoja miezi kadhaa badala ya kumsimamisha mbele ya wenzake. Jino likiisha kuota na kithembe kikabaki, au mtoto wa miaka 4 akawa bado haeleweki kwa watu wasio wa nyumbani kwao, hapo chanzo huenda si jino. Usikivu wake upimwe kwanza, kwa kuwa mtoto asiyesikia s vizuri hawezi kuitamka. Wataalamu wa tiba ya matamshi nchini ni wachache, lakini safari ya kuwafikia huanzia kwenye zahanati ya kijiji kwa barua ya rufaa.

Jino la ukubwani ni habari nyingine, maana halina mrithi. Likitoka lote na mzizi wake kwa kuanguka, iwe uwanjani au kwenye baiskeli, lishikwe kwenye kichwa chake, si kwenye mzizi. Lisisuguliwe, lisuuzwe kidogo tu kama lina mchanga, litiwe ndani ya maziwa, na majeruhi apelekwe kwa daktari wa meno haraka, ikiwezekana kabla ya saa moja kupita. Yako meno mengi yaliyorudishwa mahali pake na kushika. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu kulirudisha kunaweza kuliumiza lile linalokua chini yake.

Kuhusu meno ya rangi ya kahawia, yanayoonekana katika baadhi ya maeneo ya nyanda za kati ambako maji ya visima yana floridi nyingi, inatosha kusema kwamba rangi hiyo haibadilishi sauti yoyote. Kinachobadilisha sauti ni mkono unaouficha mdomo kwa aibu. Doa huingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, katika miaka 8 ya mwanzo ya maisha, na kuchemsha maji hakuiondoi floridi. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kamati za maji za vijiji zina haki ya kuomba kisima kipimwe kabla ya kukabidhiwa.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ni lile linaloitwa meno ya plastiki, ambalo wengine huliita meno ya nailoni.

Imani hii imeenea katika sehemu nyingi za Tanzania na nchi jirani, na nyanda za kati zimo. Mtoto wa miezi michache hupata homa, huharisha na kutapika. Mtu mzima humfungua kinywa, huona kwenye ufizi, mahali pa jino la chonge, uvimbe mdogo wenye weupe, na huamua kwamba hilo ni jino bovu linalomwua mtoto. Kisha ufizi hukatwa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, na kitu cheupe na laini hutolewa na kuonyeshwa kwa mama kama ushahidi. Mama huona kwa macho yake kitu ambacho kweli hakifanani na jino, akaamini.

Kitu hicho ni jino. Ni jino la chonge la utotoni likiwa bado halijakomaa, kama yai lisilo na gamba. Kwa kawaida jino hilo huota kati ya mwezi wa 16 na wa 23, na kabla ya hapo ufizi unaolifunika huvimba na kuonekana mweupe kwa kila mtoto mwenye afya. Weupe huo upo kwa mtoto anayeharisha na upo kwa asiyeharisha. Tofauti ni kwamba wa pili hakuna anayemfungua kinywa. Kuharisha husababishwa na vimelea vinavyoingia kwa maji, vyombo na mikono michafu, katika umri uleule ambao mtoto anaanza kutambaa, kuokota vitu na kula vyakula vingine mbali na maziwa ya mama. Mambo hayo mawili hukutana kwa wakati mmoja, na jino husingiziwa.

Madhara yake huja kwa ngazi. La kwanza na baya kuliko yote ni kifo. Mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji huongezewa kupoteza damu. Kidonda kilichokatwa kwa chuma kisichosafishwa huweza kuingiza pepopunda, virusi vya UKIMWI na sumu ya damu. Kinywa kinachouma hakinyonyi. Wakati wote huo ugonjwa wenyewe haujatibiwa. Kwa aliyenusurika yapo madhara ya meno. Kijidudu cha jino la ukubwani hukua jirani na lile lililochokonolewa, hivyo jino la chonge linalopaswa kutokea baina ya miaka 9 na 12 huweza kukosekana, kupinda au kutokea likiwa na kasoro. Meno jirani hulegea kuelekea kwenye pengo, na mpangilio wa mbele wa kinywa huharibika.

Hapa haifai kutia chumvi. Jino la chonge si mtumishi mkuu wa matamshi kama yalivyo meno ya mbele. Mtoto aliyelikosa atazungumza na ataeleweka. Lakini ndilo nguzo ya pembeni inayoshikilia safu ya mbele, na safu ikitawanyika, s na z hupoteza ukali wake. Mama akiambiwa kwamba mwanawe huenda akawa na mluzi katika usemi, anaweza kuona ni bei ndogo ya kuokoa uhai. Ndiyo maana hana budi kuambiwa mambo yote mawili pamoja: kwamba uhai hauokolewi kwa njia hiyo, na kwamba hata ukisalimika, jino lililotolewa lilikuwa na kazi.

Kumlaumu mama hakusaidii kitu. Mara nyingi ameshauriwa na watu anaowaheshimu, mama mkwe, mkunga wa jadi au jirani aliyelea watoto wengi, na zahanati iko mbali. Wanaopaswa kuzungumzwa nao kwanza ni hao washauri, kwa heshima, na ikiwezekana waonyeshwe kinywa cha mtoto mzima wa afya chenye uvimbe uleule mweupe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akifanya hivyo siku ya kliniki, mbele ya kina mama wote, hahitaji hotuba ndefu.

Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya. Apewe maji yaliyochanganywa na ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogo kidogo kwa kijiko hata kama anatapika, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa kituoni. Apelekwe kituoni bila kungoja asubuhi akishindwa kunywa, akilegea, macho yakididimia, akipata degedege au kinyesi kikiwa na damu. Sera ya afya imewasamehe watoto wa chini ya miaka 5 malipo ya matibabu katika vituo vya umma. Na mtoto aliyekwisha kukatwa ufizi naye aletwe, hata kama damu imekatika na mzazi anaogopa kugombezwa, ili kidonda kisafishwe, homa itafutiwe chanzo chake na kadi yake ya kliniki ikaguliwe kama amekamilisha chanjo yenye kinga ya pepopunda.